Kuzibua au Kupanua? Istilahi za Mfinyo wa Ateri za Ubongo na Tiba Yake

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache zinazohitajiwa ili kueleza kwa Kiswahili jambo moja mahususi la tiba: ateri ya ubongo ambayo ilifinyika, ikapanuliwa na kuwekewa stenti, kisha ikafinyika tena mahali palepale, na sasa inatibiwa kwa puto lililopakwa dawa. Huenda msomaji akadhani kuwa hilo ni jambo la mabingwa wachache, ambao tayari wana lugha yao. Sivyo. Mkazi wa Njoro, katika Manispaa ya Moshi, akiruhusiwa kutoka hospitali ya rufaa, au akirejea kutoka India alikopelekwa kwa matibabu, hurudi nyumbani na karatasi. Karatasi hiyo husomwa na mwalimu aliye jirani, au na mtumishi wa ofisi ya kata, au na muuguzi wa zahanati. Hao ndio wafasiri wa kwanza wa istilahi za tiba katika nchi yetu, wapende wasipende. Neno watakalolichagua ndilo ambalo mgonjwa ataishi nalo.

Hoja yetu ni hii. Kitenzi "kuzibua", ambacho kimeenea sana magazetini na hospitalini kwa kueleza tiba ya mishipa iliyofinyika, kinamwahidi mgonjwa jambo ambalo tiba yenyewe haiahidi. Kilichozibuliwa kimekwisha kuzibuliwa. Mtu hana sababu ya kuendelea kumeza vidonge kwa ajili ya bomba lililo safi. Kumbe ateri hiyo yaweza kufinyika tena, na vidonge hivyo ndivyo vinavyoilinda. Tunapendekeza kwa hiyo kitenzi kingine, pamoja na istilahi zinazofuatana nacho.

2. Kiharusi katika mazingira yetu

Kiharusi si ugonjwa wa nchi za mbali. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu ya wilaya ya Hai, iliyo jirani na Moshi, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri baina ya jamii hizo mbili, walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 huko Dar es Salaam. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam ni kubwa hata ikilinganishwa na ya nchi nyingi zenye viwanda.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza watu wa sehemu hizo hizo kiharusi ni nini. Huko Dar es Salaam wengi walikihusisha na mashetani au uchawi. Huko Hai wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Tunaona hapa kwamba neno moja la Kiswahili linabeba maelezo mawili yaliyo mbali kabisa. Mfasiri anayeandika "kiharusi" bila kuongeza neno hajui msomaji wake atashika lipi. Ndiyo sababu inafaa kila maandishi yanayowalenga wananchi yaeleze mara moja, mwanzoni, kwamba kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo.

Inafaa pia kutenga kiharusi na kupooza. Kupooza ni dalili: mkono hauinuki, mguu hauburuziki, mdomo umekwenda upande. Kiharusi ni tukio lililotokea ndani ya ubongo likasababisha dalili hiyo. Mtu aweza kupata kiharusi asipooze, bali akapoteza usemi au uwezo wa kuona upande mmoja. Na mtu aweza kupooza kwa sababu ya ajali ya uti wa mgongo bila kuwa na kiharusi. Zaidi ya hayo, kiharusi kina aina mbili kubwa: kiharusi cha kuziba, ambapo damu imezuiwa kufika sehemu ya ubongo, na kiharusi cha kuvuja, ambapo ateri imepasuka na damu imemwagika. Makala haya yanahusu aina ya kwanza peke yake.

3. Mshipa ni neno lenye mizigo mingi

Katika matumizi ya kila siku, "mshipa" ni njia ya damu. Lakini pia ni njia ya fahamu, ni ukano unaokakamaa mtu anapochoka, na katika sehemu nyingi za pwani, mtu akiambiwa "ana mshipa" wasikilizaji huelewa kuwa ana ngiri au busha. Basi mwalimu akimwambia mama mzee kwamba baba "amewekewa kitu kwenye mshipa", mama huyo ana haki ya kuuliza: mshipa upi?

Istilahi "ateri" kwa mshipa unaotoa damu moyoni na "vena" kwa mshipa unaoirudisha zimekwisha kuzoeleka katika vitabu vya biolojia vya shule za sekondari. Tunashauri zitumike bila woga, ila zitanguliwe na ufafanuzi mara ya kwanza: "ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni". Baada ya hapo neno moja latosha. Kwa ateri zilizo ndani ya fuvu, tuseme "ateri za ubongo". Hizo ni nyembamba mno: kubwa zake zina kipenyo cha milimita 2 hadi 4 hivi, na kutoka kwazo huchipuka vitawi vidogo kama nyuzi ambavyo hulisha sehemu za ndani kabisa za ubongo.

4. Mfinyo, mzibo, na mfano wa mfongo

Kupungua kwa upana wa ateri kumeitwa kwa majina mengi: kusinyaa, kubana, kuziba, wembamba, ufinyu. "Kusinyaa" hakufai, kwa kuwa kinachosinyaa hupungua chote, kama tunda lililokauka. Ateri yaweza kubaki na unene wake wa nje huku tundu lake likipungua. "Kuziba" hakufai, kwa kuwa njia bado iko wazi. Tunapendekeza "mfinyo", kutokana na kitenzi finya, ambacho tayari kimetupa kivumishi finyu. Mahali ambapo njia imefungwa kabisa tuseme "mzibo". Tofauti hiyo si ya mapambo. Mfinyo hutoa nafasi ya kuzuia kiharusi kabla hakijatokea. Mzibo wa ghafla ni dharura, na seli za ubongo zilizonyimwa damu huanza kufa baada ya dakika chache.

Kwa walimu walio katika miteremko ya Kilimanjaro, mfano upo mlangoni. Kwa vizazi vingi Wachaga wamechimba mifongo, mifereji inayochukua maji ya vijito vya juu na kuyapitisha kwenye migongo ya vilima hadi vihambani. Kila mtumiaji wa mfongo anajua kwamba mchanga na matope hujikusanya, maji yakapungua, na kihamba cha mwisho kikakauka wa kwanza. Kwa hiyo watu huitwa kwenye msaragambo, wakashuka na majembe kuusafisha. Ubongo ni kihamba cha namna hiyo: mfongo ukifinyika huko juu, migomba ya huku chini hunyauka, ijapokuwa haina kosa.

Kwa kufuata utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi, yaani kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali, mtu angeweza kupendekeza "mfongo" liwe istilahi ya tiba. Hatuungi mkono hilo. Neno hilo halijulikani nje ya Kilimanjaro, na zaidi ya hayo, mfano huo unafika mahali ukakatika. Anayesafisha mfongo huchota tope akalitupa kando. Daktari anayetibu mfinyo hachoti kitu. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

5. Puto na stenti

Mnamo Januari 1964, huko Portland, Marekani, Charles Dotter alipanua ateri ya mguu wa mgonjwa kwa kupitisha ndani yake mirija iliyoongezeka unene hatua kwa hatua. Mnamo Septemba 1977, huko Zurich, Andreas Grüntzig alitumia puto dogo kupanua ateri ya moyo wa mtu aliye macho. Puto hupelekwa likiwa limekunjwa, juu ya katheta inayoingizwa kupitia ateri ya paja au ya mkono. Likifika kwenye mfinyo hujazwa maji, likavimba, likayasukuma mafuta na makovu pembeni dhidi ya ukuta wa ateri. Kisha hunyauliwa na kutolewa. (Neno "katheta" nalo linahitaji uangalifu. Wodini limezoeleka kwa mpira wa mkojo. Tuandike "katheta ya ateri", ili mgonjwa asije akashangaa.)

Ukuta uliosukumwa kwa nguvu hupenda kurudi. Kwa hiyo mwaka 1986, Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne waliweka ndani ya ateri za moyo vimia vya chuma vya kuuzuia ukuta usirudi. Kifaa hicho kimepewa jina ambalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, latokana na jina la ukoo la Charles Stent, daktari wa meno wa Uingereza aliyetengeneza mwaka 1856 mchanganyiko wa kuchukulia umbo la meno. Kwa Kiswahili tuna mwelekeo mbili. "Kimia" ni neno letu, nalo linachora sura ya kifaa vizuri. Lakini humletea msikilizaji picha ya wavu au kitambaa laini, ilhali kazi ya kifaa hiki ni kusimama imara. "Stenti" ni neno geni, lakini ndilo litakaloandikwa katika kila cheti cha mgonjwa, hapa na ng'ambo. Tunapendekeza "stenti" iwe istilahi, na "kimia cha chuma chenye umbo la mrija" kiwe sehemu ya maana yake.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Habari za tiba ya ateri za moyo nchini, hasa tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, zimeizoeza nchi kusema "kuzibua mishipa". Tunaelewa sababu: neno ni fupi, linajulikana, na linatoa tumaini. Lakini tumeona kwamba puto haliondoi kitu na stenti haisafishi kitu. Vyote viwili hupanua. Kinyume cha njia finyu ni njia pana. Basi kinyume cha mfinyo kiwe "upanuzi", na kitenzi chake "kupanua": upanuzi wa ateri kwa puto, upanuzi wa ateri kwa stenti. Mwananchi aliyeona upanuzi wa barabara anajua kwamba barabara iliyopanuliwa yaweza kusongwa tena.

Wako watakaopenda "kutanua". Tunalikataa kwa sababu mbili. Kwanza, hospitalini kutanuka ni ugonjwa: moyo uliotanuka ni moyo uliochoka. Pili, katika lugha ya barabarani dereva anayetanua ni yule anayevunja sheria kwa kupita pembeni. Mgonjwa hapaswi kuchekeshwa na fomu ya ridhaa.

"Kuzibua" kusitupwe, bali kuwekwe mahali pake. Ipo tiba ambayo donge la damu lililoziba ateri ya ubongo huvutwa likatolewa nje kwa katheta. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015 yalithibitisha manufaa yake. Hiyo ndiyo kuzibua kwa maana kamili: palikuwa na mzibo, ukaondolewa.

6. Mfinyo wa kurudia

Stenti inapokaa ndani ya ateri, mwili huitambua kama jeraha. Seli za misuli laini zilizo katika ukuta huongezeka na kujaza nafasi kati ya nyuzi za chuma, kama kovu linavyofunika mchubuko. Kovu likizidi kipimo, tundu hupungua tena. Ukirudi kwenye mfongo, huu si mchanga ulioletwa na maji. Ni nyasi zilizoota kutoka kwenye kingo zenyewe baada ya kuchimbwa upya.

Tunapendekeza "mfinyo wa kurudia", na kwa urefu kamili "mfinyo wa kurudia ndani ya stenti". Wananchi husema malaria imemrudia, pumu imemrudia. Hakuna atakayeuliza maana yake. "Mfinyo rejeshi" haufai, kwani kilicho rejeshi hurejesha kitu kingine, wakati mfinyo huu wenyewe ndio uliorejea.

Istilahi hii inadai mwenzake. Mgonjwa mwenye stenti huandikiwa aspirini, na kwa muda dawa ya pili kama klopidogreli, ili damu isigande juu ya chuma. Baadhi ya tafsiri huziita "dawa za kupunguza damu". Hilo ni kosa la hatari. Kwa Mswahili, kupungukiwa damu ni ugonjwa, na jirani mwenye nia njema atamshauri mgonjwa aache dawa hizo na kunywa rozela. Tuandike daima "dawa za kuzuia damu kuganda".

7. Puto lililopakwa dawa

Kuweka stenti juu ya stenti huongeza chuma ndani ya njia ambayo tayari ni nyembamba. Ndipo lilipokuja wazo la kupaka dawa juu ya puto: puto hulibana kovu pembeni, na katika muda mfupi wa kugusana, dawa huingia katika ukuta na kuzuia seli zisiongezeke, kisha puto hutolewa, na hakuna chuma kipya kinachobaki. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 52 waliokuwa na mfinyo wa kurudia ndani ya stenti za moyo. Baada ya miezi sita, kati ya wagonjwa 23 waliochunguzwa baada ya kutibiwa kwa puto tupu, 10 walikuwa na mfinyo tena. Kati ya 22 wa puto lililopakwa dawa, alikuwa mmoja. Nchini Marekani, puto la kwanza la aina hiyo kwa ajili ya ateri za moyo liliidhinishwa mwaka 2024.

Mfasiri aangalie tofauti kati ya "kupakwa" na "kutoa". Puto lililopakwa dawa huiacha dawa yake mara moja na kuondoka. Stenti inayotoa dawa hubaki mwilini na kuitoa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa au miezi. Kuziita zote mbili "za dawa" ni kumficha mgonjwa kama amebaki na chuma mwilini au la.

Dawa inayotumika mara nyingi ni paklitakseli, iliyopatikana kwanza katika gome la mti wa msituni wa magharibi mwa Marekani, na inayojulikana zaidi kama dawa ya saratani. Muuguzi afanye nini akiulizwa? Kunyamaza si tafsiri, na kusema "umepakwa dawa ya saratani" ni kuzua hofu. Maelezo ya kweli ni haya: "Ni dawa inayozuia seli zisiongezeke. Kwa kipimo kikubwa hutumika kutibu saratani. Hapa imetumika kwa kiasi kidogo, mahali pamoja, ili kovu lisizidi."

8. Ubongo si moyo

Wafasiri wanapochukua maneno ya tiba ya moyo na kuyahamishia kwenye ubongo, wajihadhari wasihamishe na matumaini yake. Ateri za ubongo zina kuta nyembamba, zimepinda, na vitawi vyake vyaweza kufunikwa na kovu linalosukumwa. Mwaka 2011 jaribio la wagonjwa 451 huko Marekani lilionyesha kuwa, katika siku 30 za kwanza, asilimia 14.7 ya waliowekewa stenti ya ubongo pamoja na dawa walipata kiharusi au kufariki, dhidi ya asilimia 5.8 ya waliopewa dawa na uangalizi pekee. Tangu hapo stenti haikuwa tena chaguo la kwanza. Mwaka 2024 jaribio la wagonjwa 501 huko China lilitoa matokeo mema zaidi kwa puto tupu linalovimbishwa taratibu na kwa kiasi: asilimia 4.4 kwa 13.5, kwa kuhesabu viharusi, vifo na haja ya kutibiwa upya ateri ileile hadi mwisho wa mwaka.

Kuhusu puto lililopakwa dawa kwa mfinyo wa kurudia ndani ya stenti za ubongo, taarifa zilizotoka Ujerumani na China ni za makundi madogo ya wagonjwa. Zinatia moyo, lakini maputo mengi yalitengenezwa kwa ajili ya moyo, nayo ni magumu kupita kwenye kona za ateri za kichwani. Lugha ya mfasiri iakisi hali hiyo. Aandike "tiba inayoweza kusaidia", asiandike "tiba inayoponya".

9. Mapendekezo

Tunawawekea wasomaji istilahi hizi pamoja, ili wazijaribu darasani, ofisini na wodini kabla hazijasanifiwa.

Ateri: mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni.
Mfinyo: kupungua kwa upana wa tundu la ateri, njia ikiwa bado wazi.
Mzibo: kufungwa kabisa kwa njia ya damu.
Upanuzi kwa puto: kuongeza upana wa ateri kwa puto linalovimbishwa ndani yake.
Kuzibua: kuondoa donge la damu lililofunga ateri.
Stenti: kimia cha chuma chenye umbo la mrija kinachobaki ndani ya ateri ili kuishikilia iwe wazi.
Mfinyo wa kurudia: mfinyo unaotokea tena mahali palipokwisha kupanuliwa.
Puto lililopakwa dawa: puto linaloacha dawa kwenye ukuta wa ateri, kisha likatolewa.
Stenti inayotoa dawa: stenti inayobaki mwilini na kutoa dawa kidogo kidogo.
Dawa za kuzuia damu kuganda: aspirini, klopidogreli na nyingine za kazi hiyo.

Huenda baadhi ya istilahi hizi zikashindwa na matumizi, na nyingine bora zikatoka kwa wauguzi na wagonjwa wenyewe. Hatuna ugomvi na hilo. Tunalosisitiza ni kipimo cha kuzichagulia. Mtu wa Njoro anayeambiwa kwamba ateri yake "imezibuliwa" ataviweka vidonge kabatini. Anayeambiwa kwamba "imepanuliwa, na yaweza kufinyika tena" ataelewa kwa nini anatakiwa kuendelea kumeza dawa, kupima presha yake, na kupanda tena KCMC siku aliyopangiwa, hata kama anajisikia mzima.